Mara ya Ishirini na Sita

Letisia Margwe hakuumbiwa kukaa. Nyumbani kwao Mogitu wanasimulia kwamba tangu utoto alikula ugali amesimama, mpaka mama yake akachoka kumsogezea kigoda. Alipopata kazi ya maktaba ndugu zake walicheka, maana walidhani huko watu hukaa tu na kuwanyamazisha wenzao. Hawakujua. Katika ile maktaba ndogo ya mjini Katesh, yenye kabati nne za vitabu na vishikwambi sita, Letisia alizunguka kutwa nzima, akipanga, akifuta vumbi, akichaji, akimfundisha huyu na kumkemea yule.

Ila Jumatatu ile ya mwisho wa Oktoba alizunguka kwa hofu. Tangu afungue mlango alikuwa amekwisha kuirudia kompyuta mara saba, na mara zote saba ule mstari mdogo chini ya kitabu cha kemia ulimwambia jambo lile lile: Imebaki mara 1.

Vitabu vya mtandaoni vina mambo yake. Kitabu kimoja husomwa na mtu mmoja tu kwa siku saba, kisha kinajirudisha chenyewe, uwe umemaliza au hujamaliza. Hilo Letisia alilijua tangu mwanzo, na aliwaeleza wasomaji mpaka koo likamkauka, kwa sababu kila mmoja aliuliza swali lile lile: kama hakina karatasi, foleni ya nini? Aliyeelewa upesi ni Evaline, binti wa wafugaji wa Basotu. "Ni kama ng'ombe wa kupewa kutunza," alisema. "Akiwa kwenye boma la fulani, maziwa yanakamuliwa huko huko."

Jambo ambalo Letisia hakulijua, mpaka Alhamisi iliyopita, ni kwamba ng'ombe huyo anazeeka. Waliokichapa kitabu walikuwa wameuza ruhusa ya kukiazimisha mara ishirini na sita tu. Zikiisha, kinatoweka, na ombi la kununua ruhusa nyingine linapanda ngazi za ofisi mpaka mkoani na kulala huko miezi.

"Sasa zimeishaje haraka namna hii?" alimuuliza kwa simu fundi wa mtandao.

"Mama, kila ukibonyeza Azima, inahesabika," fundi akamjibu. "Hata ukirudisha dakika hiyo hiyo."

Letisia alikata simu bila kuaga. Akachukua daftari la wasomaji, akahesabu watu waliosoma kemia kweli. Walikuwa kumi na watatu. Zile mara kumi na mbili nyingine hakuhitaji daftari kuzijua, maana zilitoka kwenye kidole chake mwenyewe. Wageni wa wilayani walikuja, wakasema hebu tuonyeshe, akabonyeza. Wakaguzi nao, akabonyeza. Siku ya uzinduzi wakubwa sita walitaka kila mmoja akione kitabu kikiingia kwa macho yake, akabonyeza mara sita, wakapiga makofi mara sita. Naye alifurahi! Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Ilibidi amwambie mkuu wake, Maximilian. Huyu alikuwa mtu mwema, ila alipenda takwimu kama mtoto anavyopenda sukari, na kwenye taarifa yake mpya alikuwa ameandika kwamba kitabu cha kemia kimeazimwa mara ishirini na tano, kinaongoza vyote. Tena mkataba wa Letisia ulikuwa unaisha Desemba, na Jumatatu ile ile wafadhili walikuwa wanakuja kuamua kama mradi uendelee au ufungwe. Basi hakumwambia, akajipangia: mara ya mwisho apewe Evaline, wageni waonyeshwe kitabu kingine, na lililobaki alijue Mungu. Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikufika hata saa tano.

Evaline alifika saa tatu na nusu, viatu vyekundu kwa vumbi. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, na alikuwa anarisiti kemia kwa mara ya pili. Chuo cha uuguzi kilimkatalia kwa sababu ya somo hilo moja, na baba yake alikuwa ametamka kwamba mwaka huu ndio wa mwisho. Zilibaki siku kumi na moja kabla ya mtihani. Kitabu cha karatasi kilichokuwepo kabatini kilikuwa kimechanwa nusu nzima, na simu yake ilikuwa kitochi cha kupiga na kupokea tu. Tegemeo lake lilikuwa kuazima kishikwambi, kitabu kikiwa kimeshawekwa ndani, akasome nyumbani ambako mtandao haushiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo, mwanangu, usitoke."

Kabla kishikwambi hakijawaka vizuri, wageni wakaingia, wamewahi kwa nusu saa. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja wa makamo, mtaratibu, mwenye daftari. Maximilian alikuwa amevaa koti la harusi.

"Hiki hapa ndicho kinachoongoza!" alisema akigonga skrini kwa kalamu. "Mara ishirini na tano ndani ya miezi minane! Dada Letisia, hebu mwonyeshe mgeni kinavyoazimwa."

Letisia akafungua kitabu cha ufugaji wa kuku. "Mkuu, hata hiki kinapendwa sana..."

"Cha kemia," alisema Maximilian, huku anatabasamu kwa meno tu.

Letisia akakifungua. Kitufe cha Azima kikatokea. Evaline naye alikuwa amesimama nyuma ya wageni, ananyoosha shingo kwa adabu ili aone, na wala hakujua kwamba kidole kile kikishuka, mwaka wake umekwenda. Letisia alimwona. Akarudisha kidole nyuma.

"Mkuu, sibonyezi."

"Unasemaje?"

"Kimebaki mara moja tu. Nikiwaonyesha, kimekwisha. Na anayekingoja ni huyu binti, ana mtihani."

Mama mgeni akainua macho. "Kwa hiyo watu ishirini na tano wameshakisoma?"

Hapo angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe fupi, na wote wangeondoka wanafurahi.

"Wamesoma kumi na watatu," alisema Letisia. "Kumi na mbili nilibonyeza mimi, nikiwaonyesha wageni kama ninyi. Sikujua kwamba zinahesabika. Nimejua Alhamisi, nikanyamaza."

Mama mgeni alikata ishirini na tano kwenye daftari lake, akaandika kumi na tatu, akasema asante kwa sauti ambayo hata leo Letisia hajui ilikuwa ya namna gani. Chai na mayai ya kuchemsha viliachwa mezani. Maximilian aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akarudi, akapita mbele ya Letisia kama anapita mbele ya kabati, akajifungia ofisini.

Letisia akabonyeza. Kitabu kikaingia kwenye kishikwambi, na kwenye kompyuta mstari mdogo ukabadilika kuwa sifuri.

"Mama, watakufukuza?" Evaline aliuliza, macho yamejaa machozi.

"Wewe nenda kasome."

Binti akaondoka nusu anakimbia, kishikwambi amekifunga ndani ya kitenge. Letisia alianza kukusanya vikombe, na hapo moyo ukaanza kumtulia kidogo. Ndipo simu ikaita. Alikuwa Yohanes wa Tlawi, aliyekuwa nyuma ya Evaline kwenye foleni. Hakuna aliyeuambia mtandao kwamba kitabu kimekwisha, kwa hiyo ulikuwa umemtumia ujumbe kama kawaida yake.

"Shikamoo mama! Nimepata meseji, sasa mimi ndiye wa kwanza! Huyo aliye nacho akimaliza siku zake saba, mimi nabaki na nne kabla ya mtihani. Zinanitosha kabisa, mama. Nije Jumatatu?"

Letisia aliweka vikombe chini.

"Usije, Yohanes. Kitabu hakipo tena. Nimekimaliza mimi."

Kijana alijaribu kuelewa.

"Kumbe na wewe unarisiti, mama? Ulikuwa unakisoma?"

"Hapana," alisema Letisia. "Sikusoma hata ukurasa mmoja."