Ng'ombe waligoma kukamuliwa baba alipofariki, mpaka nilipovaa kabuti lake

Wakuu, poleni na majukumu.

Naandika nikiwa na akili timamu na sijanywa chochote zaidi ya maziwa. Anayetaka kubeza abeze, mimi nasema kilichonikuta. Na mapema kabisa: mimi ni KE, PM zenu sina mpango nazo.

Twende.

Kwetu ni Ihanja, ndani kidogo kutoka barabara kuu. Baba alifuga ng'ombe wa maziwa kwa majani tu. Kwa ukame huu wa Singida watu walimcheka sana. Wenzake wanaswaga ng'ombe porini kutwa nzima, yeye kagawa shamba vipande kwa uzio wa minyaa. Ng'ombe wanakula kipande kimoja, wanahamia kingine, kilicholiwa kinapumzika. Mvua zikiisha anakata majani ya ziada, anayakausha, anayatunza kwa ajili ya kiangazi. Pumba hakujua hata bei yake.

Waliocheka ndio hao hao Septemba walikuwa mlangoni kwetu na vidumu, wanaomba kuuziwa maziwa.

Tatizo lilikuwa moja. Kukamua ni yeye, kuhamisha ni yeye, hakutaka mtu mwingine aguse ng'ombe wake. Alikuwa mbishi yule mzee, Mungu amrehemu.

Mwaka jana mwezi wa sita akafariki. Ghafla tu, asubuhi mzima, jioni hayupo.

Msiba ulipoisha nikabaki na mama, maana mimi ni fundi cherehani, kazi naifanya popote. Kaka yangu mkubwa, Elia, yuko Manyoni na biashara zake. Alisema wazi kwamba kama ng'ombe hawakamuliki mpaka mvua zianze, anawapeleka mnadani. Na mama alishaniambia kuwa wakiondoka ng'ombe wa mume wake, yeye hana tena cha kuamkia asubuhi. Kwa hiyo msione natetea ng'ombe. Nilikuwa namtetea mama.

Sasa sikieni.

Ng'ombe waligoma. Ndama wao wanawanyonyesha, ila mkono wa mtu hawautaki. Unakanda, unapaka mafuta, hola, hawashushi kitu. Kuna mmoja anaitwa Hasara (baba alimpa jina hilo kwa utani, ndiye aliyekuwa anaongoza kwa maziwa). Ananiangalia kidogo, halafu anageuza shingo anakodolea mlango wa jikoni. Wanageuka wote. Nikiwafungulia kipande chenye majani mazuri hawaingii, wanasimama pale pale masikio mbele, kama wageni wanaosubiri mwenye nyumba awakaribishe.

Bwana mifugo akawapima, hawana ugonjwa. Mchungaji akaja akaomba. Shemeji mmoja akashauri mganga, nikamwambia atangulie yeye.

Nyuma ya ule mlango wa jikoni lilikuwa limetundikwa kabuti la baba. Siku ya kugawa nguo za marehemu hakuna aliyelitaka. Limechakaa, linanuka zizi, likabaki kwenye msumari wake.

Upepo wa Singida mwezi wa saba mnaujua, unaingia mpaka kwenye meno. Asubuhi moja nikajitupia lile kabuti na kofia yake, nikaenda bandani bila wazo lolote.

Wakuu, ng'ombe wote waliinuka kwa pamoja.

Hasara akasogea, akanusa mkono wa kabuti, akashusha pumzi ndefu. Sijagusa hata kiwele, maziwa yanadondoka yenyewe chini. Nywele zilinisimama. Nilikamua mpaka ndoo ikajaa.

Kuanzia hapo mambo yakaenda. Wanakamulika, nikifungua kipande wanaingia. Ila na mimi nikaanza kubadilika. Nikajikuta napiga mluzi wa baba, mimi ambaye sijawahi kujua mluzi maishani. Nikajikuta naongea na ng'ombe Kinyaturu cha kizee, maneno ambayo nikilivua kabuti siyakumbuki tena. Niliogopa, siwafichi. Lakini maziwa yapo, kaka kanyamaza, nikasema liwalo na liwe.

Mama naye akaacha kulia. Akaanza hadi kuimba jikoni. Nikamshukuru Mungu.

Halafu jioni moja narudisha ng'ombe, nikamsikia anasema kutoka jikoni, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia tangu msiba: "Baba Elia, leo umechelewa. Maji yako ya kuoga yanapoa."

Niliganda. Nikapita kimya.

Kesho yake hivyo hivyo. Ikawa kila jioni anaongea nami nikiwa ndani ya kabuti, mengine kwa sauti ya chini hata siyasikii vizuri, na mimi napita kimya. Nikilivua, ananiita jina langu vizuri tu, ananiuliza nimekula.

Mpaka siku alipoanguka karibu na tenki la maji. Nikamwinua, nikamlaza, nikakimbilia dawa zake za presha. Pakiti ziko vile vile, hazijaguswa. Pembeni yake kuna begi, ndani kanga mbili mpya na shuka nyeupe, zimekunjwa vizuri.

"Mama, dawa hunywi?"

Akanijibu taratibu, wala hana wasiwasi: "Nilimuuliza baba yako kama niziache, nimfuate. Akanyamaza. Na unamjua, kitu asichokitaka huwa anasema."

Wakuu, aliyenyamaza ni mimi.

Nililia pale pale sakafuni. Nikalivua kabuti mbele yake, nikamwambia mama nitazame, ni mimi Neema, baba tulimzika, wewe mwenyewe ulitupia udongo. Akanitazama. Kisha akalia kilio ambacho hata msibani hakukilia. Usiku ule alikunywa dawa, nimemshikia kikombe mwenyewe.

Asubuhi sikulivaa. Ng'ombe wakageukia mlango, wakagoma. Nikasema basi, Elia aje awachukue, bora nibaki na mama.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama huyo, kavaa kabuti, linaburuza chini. Hakuniangalia. Akakaa kwenye kigoda, akampiga Hasara kofi la ubavuni: "Sogea wewe. Mwenyewe hayupo, nimebaki mimi."

Maziwa yakashuka.

Tangu siku ile anakamua yeye, na dawa anakunywa bila kukumbushwa, maana anasema akianguka nani atakamua. Kaka alikuja, akakaa bandani kidogo, akarudi zake Manyoni. Mnada hajautaja tena.

Nilichojifunza: mfugaji, wazoeshe ng'ombe wako watu wawili ungali hai, acha ubishi. Na ukiwa na mfiwa ndani akakuuliza kitu, mjibu, hata kama hujui useme nini.

Ila kuna hili la juzi.

Jioni napita bandani, nikaona ule mgongo umeinama ndani ya kabuti, mluzi unasikika. Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Shikamoo baba."

"Marahaba," nikajibiwa, sauti nzito ya kifuani.

Mama akageuka, ndoo mkononi, akaniuliza: "Unaongea na nani?"

Mliowahi kuishi na nguo ya marehemu ndani ya nyumba, semeni na nyie yaliyowakuta. Ila anayekuja kuniambia nilichome asijisumbue. Kesho asubuhi kuna kukamua.