Tarumbeta ya Baba Mkwe

Juzi nilikuwa katika duka la santuri mjini Kisii alipoingia mzee mmoja kuulizia ile santuri kubwa mpya, yenye nyimbo za zamani za mpiga tarumbeta mmoja maarufu zilizokusanywa pamoja. Mwenye duka, ambaye kwao si huku, aliiweka kwenye gramafoni ili waone kama ina mikwaruzo. Tarumbeta ikalia, mzee akafumba macho.

Mara akaingia mke wa mwanawe, bila kujua baba mkwe yumo. Hapo mwimbaji kwenye santuri akaanza kumbembeleza mpenzi wake. Kwetu Gusii, baba mkwe na mke wa mwanawe hawasikii maneno kama hayo pamoja. Mwanamke akageukia ukuta. Mwenye duka, akidhani wote wawili wamefurahi, akaongeza sauti.

"Zima," mzee akasema, macho kwenye viatu vyake. "Si nzuri."

Akavaa kofia, akatoka.

"Nifungie hiyo," mwanamke akasema.

"Si mzee amesema si nzuri?"

"Amesema hivyo kwa sababu yangu. Kila jioni akikamua ng'ombe, huupiga wimbo huo kwa mluzi. Anadhani simsikii." Akaipokea kwa mikono miwili. "Nitampa mama mkwe amwekee. Mimi nitakuwa nimeenda mtoni."

Mila yetu inamkataza mwanamke huyu kusikia wimbo wa mapenzi mbele ya baba mkwe. Kukawia mtoni haimkatazi.