Daktari wa Panya Arudi Wodini

"Shangazi, kosa langu nini? Kusema ukweli?"

"Kosa lako ni kunipigia kelele mimi. Kawapigie waliokuudhi."

Mtoto wa kaka yangu alikuwa amesimama katikati ya chumba changu cha kushonea, koti jeupe kalikunja kwapani kama tambara. Kilichomuuma zaidi ni kwamba aliyemgombeza mbele ya wagonjwa ni mwenzake wa dawati moja mwaka wa kwanza, ambaye sasa ndiye daktari wa wodi.

"Alikuwa ananakili kwangu, shangazi! Leo ananiambia nikajifunze kuongea na watu!"

"Na yeye kajifunza wapi? Si hukohuko wodini, wewe ukiwa na panya wako?"

Nilijua nimemchoma pabaya, lakini sikurudi nyuma.

Nieleze kidogo, maana hata ndugu zetu mpaka leo hawajamwelewa. Chuo chao kina njia ya watu wachache: unasoma udaktari mpaka katikati, unatolewa, unapelekwa maabara kufanya utafiti mpaka upate shahada ya juu kabisa, kisha unarudishwa wodini kumalizia ulichokiacha. Wanataka mtu mmoja awe tabibu na mtafiti. Wazo zuri, ila anayelibeba ni mtoto wa watu. Wenzake alioanza nao wanatibu, wameoa, wanaamkiwa njiani; yeye ana ndevu na bado anatembea na kitambulisho cha mwanafunzi. Baba yake akiulizwa mwanao anafanya kazi gani, anakohoa. Miaka minne kijana ametazama figo za panya, na siku aliyorudi wodini wakambatiza Daktari wa Panya.

Siku hiyohiyo ndipo alipoharibu. Kulikuwa na dereva wa lori, ameharisha vibaya safarini, maji yakamwishia mwilini mpaka figo zikagoma. Kijana wetu, kwa kutaka kuonekana na yeye yumo, akamwambia mgonjwa na mkewe kwamba figo amezisomea miaka minne. Mke akamshika mkono.

"Basi wewe ndiye wetu. Niambie, baba, figo za mume wangu zitaamka?"

Akajibu, "Kwa mgonjwa mmoja siwezi kusema lolote."

Kule maabara, hilo ni jibu la mtu makini. Panya mmoja si kitu. Wanataka kundi zima, tena warudie upya, ndipo mtu afungue mdomo. Lakini mke wa dereva alimtazama juu mpaka chini.

"Mume wangu ni huyuhuyu mmoja. Wa pili nitamtoa wapi?"

Akaangua kilio, wodi nzima ikageuka. Daktari wa wodi akamgombeza kijana palepale, kisha akamtoa nje na kumpa sharti: Ijumaa daktari mkuu akipita, utamweleza mgonjwa huyu hali yake mbele yetu. Ukishindwa, sisaini karatasi yako ya kufaulu, unarudia mwaka. Na ufadhili wake ulikuwa unaisha mwaka huohuo. Kurudia kwake ni kutoka kabisa, utafiti na udaktari vyote viende na maji.

Siku zile nyumba yangu haikukalika. Chakula anakigusagusa tu. Niko kwenye cherehani, anakuja nyuma kujizoeza kupima, ananigonga mgongoni kwa vidole kama anabisha hodi.

"Vuta pumzi, shangazi."

"Navuta tangu nizaliwe. Wewe ndiye umeacha."

Hacheki. Anagonga tena. Muuguzi ninayemshonea sare akaninong'oneza kwamba kijana anasoma faili la dereva kila siku kwa kujificha, halafu anatokea mlango wa nyuma, ule wa kutolea mashuka machafu, ili asipite karibu na kitanda kile. Na mke wa dereva haachi kuuliza: "Yule mwenye deni langu la jibu yuko wapi?"

"Unaogopa nini hasa?" nikamuuliza.

"Nikisema zitaamka, zisipoamka nitakuwa nimewadanganya. Nikisema hazitaamka, nitakuwa nimemzika mtu angali hai. Na sijui, shangazi. Kweli sijui."

Nilimpigia koti pasi, basi.

Ya Ijumaa nimesimuliwa na yeye, na muuguzi pia, na maelezo yao yamelingana. Daktari mkuu akasimama miguuni pa kitanda, daktari wa wodi pembeni yake. Kijana akafungua mdomo, akaufunga.

"Tunakudai," mke wa dereva akasema. "Lipa."

Kijana akavuta stuli, akakaa karibu na dereva.

"Sijui kama zitaamka," akamwambia. "Ninachojua ni hiki. Juzi hukupata mkojo kabisa. Jana ulipata kidogo, na leo umezidi wa jana. Hiyo ni dalili njema. Lakini damu yako bado ina uchafu mwingi, na usipopungua tutaisafisha kwa mashine. Kesho asubuhi nitakuletea majibu mwenyewe, yawe mazuri, yawe mabaya."

Dereva akamtazama. "Kumbe maneno unayo. Mbona ulitukimbia?"

"Niliogopa."

"Hata mimi naogopa. Ila mimi nimefungwa mpira wa mkojo, nitakimbilia wapi?"

Daktari mkuu akatikisa kichwa kukubali, akasogea kitanda kinachofuata. Daktari wa wodi akasaini papo hapo, karatasi kaiegemeza ukutani, akanong'ona, "Umenitoa jasho, ndugu yangu."

Kijana alipoinuka kuwafuata, mke wa dereva akamzuia kidogo.

"Deni lile umelipa," akamwambia. "Nenda, wenzako wanakuacha."