Hasi 96 Ndani ya Tenki

Baba wa mchumba wangu hakuanza kwa kuniomba ng'ombe. Aliniomba kipimo cha maji. Tenki lake la saruji pale Samuye ndilo linalonywesha mifugo, na alikuwa amechoka kupanda ngazi kila asubuhi kuchungulia.

"Si unasema wewe ni mtu wa kompyuta?" aliniambia. "Nitengenezee kitu kiniambie maji yamefika wapi. Kikisema kweli, lete washenga. Kikidanganya, baki hukohuko Shinyanga mjini."

Nikafunga kipimo chini ndani ya tenki, na nje ukutani kioo kidogo cha namba. Asubuhi ya majaribio kioo kilionyesha sentimita 160. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini mimi siamini kitu mpaka kompyuta yangu ikubali, kwa hiyo nikachomeka waya nichungulie ndani ya programu inayoendesha kile kipimo. Kompyuta ikasema: hasi 96.

Maji yako chini ya sifuri kwa karibu mita nzima. Nilimwona kabisa baba mkwe akiniuliza ng'ombe wake wainame kiasi gani.

Nikaamua kipimo kimeharibika. Nikapanda ngazi, nikatundika shati na suruali juu yake, nikaingia tenkini na chupi ili nikakikague. Maji yakanifika mdomoni. Ndipo niliposikia ndoo ikitua: mama mkwe amekuja bombani.

Kwetu Usukumani mama mkwe ni mtu wa kupishana naye kwa mbali, umeinamisha macho na umevaa vizuri. Hakuna anayekufundisha la kufanya ukiwa na chupi ndani ya maji ya ng'ombe wake. Nikasimama kwa vidole, pua juu ya maji.

"Mzee, hebu njoo," alimwita mumewe. "Namba imepanda. Ilikuwa 160, sasa ni 164, na pampu imezimwa."

Hapo akili ikanirudia. Zile nne nilikuwa mimi. Kioo kilikuwa sahihi. Mwongo ni kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine. Ikimaliza kazi huacha maelezo ya pembeni kwa ajili ya mkaguzi, yaani ile programu ya kompyuta niliyochungulia nayo: hapa pana namba, isome hivi. Kina cha maji nilikuwa nimekihifadhi, kwa uvivu, kwenye nafasi ndogo ya herufi moja. Mashine nyingine huihesabu nafasi hiyo kuanzia sifuri hadi 255. Nyingine huingiza na hasi, na 160 inageuka hasi 96. Chipu ya kipimo changu haina habari na hasi. Lakini kompaila yangu ya zamani huandika "ina hasi" kwa kila nafasi ya herufi, bila hata kuuliza inaiandikia chipu gani. Nilikasirika nusura nitukane, ila mama mkwe alikuwa palepale.

Baba akafika. Akasoma kioo. Kisha nikasikia nyayo zake zikisimama kwenye ngazi, nikajua anaitazama suruali.

"Mama, nenda ndani kidogo," akasema. Nyayo zikaondoka. Akagonga ukuta wa tenki. "Kijana."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kipimo chako kinasema kweli. Hata mkwe akiingia, kinasema. Lete washenga."

Nilifurahi mpaka nikasahau kusimama kwa vidole, na asante yangu nikaitolea chini ya maji.