Siku Niliyojisakafia Chumbani

Sasa hivi nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe, maana hakuna aibu kama kumpokea mama mkwe ukiwa kifua wazi, umevaa kanga ya mke wako, umeshikilia nondo za dirisha.

Tulichoka kupanga chumba mtaa wa Kambarage, tukapata kiwanja huku Ushetu, tukajenga kidogo kidogo mpaka ikabaki sakafu tu, na mama mkwe akatuma salamu kutoka Nkome kwamba anakuja kuiona hiyo nyumba (alishawaambia ndugu zake kuwa binti yake kaolewa na mvivu, na maneno hayo yalikuwa yananikosesha usingizi). Asubuhi ya siku yenyewe fundi akapiga simu, amepata msiba. Mke wangu, Mama Kulwa, akasema basi mama ataiona hivyo hivyo. Nikamwambia kusakafia ni kupaka saruji tu, nipishe.

Nikavua shati na suruali visichafuke, nikavitundika nje, nikajifunga kanga, nikaanzia mlangoni. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilipiga mwiko nikirudi nyuma kwa magoti huku najisifu kwa sauti, sebule ikang'aa, nikaingia chumbani vilevile kinyumenyume, hadi mgongo ukagusa ukuta wa mwisho. Nikatazama. Dirisha lina nondo (nilizitaka mwenyewe, nene, kwa kuogopa wezi), na kati yangu na mlango ni saruji mbichi tupu.

Ndipo nikasikia majirani wakimsindikiza mgeni kuzunguka nyumba.

"Baba Kulwa, njoo umsalimie mama," mke wangu akaita, kisha akaniona dirishani, akaziba mdomo kwa pindo la kitenge.

"Shikamoo mama," nikasema nikiwa nimejibanza ukutani.

"Marahaba. Kwani huyu amefungwa?"

Majirani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikaona heri niiharibu sakafu kuliko aibu hii, nikainua mguu.

"Usithubutu," mama mkwe akasema. "Utakaa humo mpaka ikauke."

Sasa kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawakai karibu, kwa hiyo miaka yote ya ndoa yangu tulisalimiana kwa mbali, basi. Yeye akaomba kigoda, akakaa chini ya dirisha akinipa mgongo, nami nikampa wangu, ukuta ukiwa katikati, akawa ananipitishia dagaa na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwenye nondo bila kugeuka. Tukaongea mchana kutwa: marehemu mumewe alivyojenga jiko akasahau kuacha nafasi ya mlango, na utundu wa mke wangu alipokuwa mdogo (mengi nilikuwa siyajui, na sasa nayatumia). Nilimpenda yule mama, nasema kweli.

Jua lilipopoa nikajipa moyo. "Mayu," nikamwita kwa Kisukuma kama ninavyomwita mama yangu mzazi, "bado unasema mimi ni mvivu?"

Akajibu, "Mvivu asingefika kwenye kona hiyo. Wewe mwanangu hujui tu pa kuanzia."

Jioni nilitoka kwa kukanyaga mbao. Nimeapa, jiko atalisakafia fundi hata nikimsubiri mwaka mzima. Ila mama mkwe akija siku hizi hapiti hata mlangoni. Anabeba kigoda mpaka pale dirishani, mimi naingia chumbani, tunapeana migongo, tunaongea.