Saa ya Upepo Iliyonipandisha Mtini

Nianze kujicheka mwenyewe kabla ninyi hamjanicheka, maana aibu ni yangu na nimeibeba vya kutosha, hata leo nikipita soko la Dilala kununua chumvi hakosekani mtu wa kuniuliza kama kule juu kuna baridi. Waliokuwepo wameisimulia habari hii, na wasiokuwepo wameisimulia zaidi, sasa wengine wanasema nilitupwa kwa mamba na wengine wanasema nilikuwa uchi. Mamba hawakuwepo. Hilo la uchi, tulieni, tutalifikia.

Enzi hizo, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala, nilikuwa fundi umeme katika ateliye, yaani karakana, ya kampuni ya shaba hapa Kolwezi, kijana mwenye kravati mbili za kufunga shingoni na mdomo mrefu kuliko hizo kravati, wazazi wangu wako Kasai, mke sina, na moyo wangu wote uko Mutshatsha, kituo cha reli magharibi yetu, kwa binti mmoja anaitwa Béatrice. Nilimwona alipokuja kumtembelea dada yake katika kambi yetu ya wafanyakazi, na tangu hapo kila treni ya kwenda magharibi ikipiga honi mimi nilikuwa nainuka, hata kama nina tonge la bukari, ugali wetu, mkononi. Baba yake, Tata Ilunga, alikuwa msimamizi wa watengeneza reli, mtu wa maneno machache, na alikuwa amekwisha kusema kwamba hamwozi mtoto wake kwa sifa za kusikia; atakuja Kolwezi mwenyewe siku ya Jumapili, na huyo Béatrice, na Mama Ngalula, shangazi yake Béatrice, waone kama Donatien ni fundi wa kweli au fundi wa mdomo.

Wiki ile sikukaa kitako. Nilifagia nyumba, nikaichafua kwa kuhamisha vitu, nikaifagia tena. Nilikuwa naota nimesimama mbele ya Tata Ilunga ananiuliza swali na mimi nimesahau jina langu.

Sasa wiki hiyo hiyo bosi wangu, mhandisi mmoja aliyeitwa Bwana Verlinden, akaletewa sanduku kutoka Ulaya. Huyu bwana alikuwa na mashua ya tanga kwenye lile ziwa lililotokea walipouziba mto Lualaba kwa ajili ya umeme wa migodi (maji yalipanda yakameza msitu mzima, miti ikafa imesimama humo humo majini, vichwa vikabaki nje), na Jumapili Wazungu walikuwa wanashindana pale, kila mtu na mashua yake. Ndani ya sanduku mlikuwa na chombo nilichokiita saa ya upepo. Juu kabisa ya mlingoti unafunga kibawa kidogo cha chuma kinachogeuka na upepo, waya unashuka ndani ya mlingoti mpaka kwa mshika usukani, na pale kuna saa ya duara yenye picha ya mashua katikati na mshale mmoja: mshale ukielekea pua ya mashua, upepo unatoka mbele, ukielekea kushoto, upepo unatoka kushoto. Kazi yenyewe nyepesi. Kitu cha kuangalia ni kimoja tu, ile alama kwenye kitako cha kibawa itazame pua ya mashua barabara, la sivyo saa itasema uongo.

Na sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipojichimbia. Jumamosi mchana mlingoti ulikuwa umelala chini, ukingoni, umetoka kupakwa rangi. Ningechuchumaa tu, nikafunga kibawa, nikapitisha waya, nikaenda zangu kunyoa ndevu. Lakini nikawaza: kesho Tata Ilunga atakuja, na mimi atanikuta wapi? Nimekaa kwenye kiti na kravati, kama karani yeyote? Au atanikuta juu kabisa ya mlingoti wa Mzungu, kila mtu ameinua shingo, Mzungu mwenyewe ananingoja mimi?

"Bwana," nikasema, "hii haifungwi mlingoti ukiwa umelala. Lazima usimame kwanza, ili kibawa kijue upepo."

(Kijue upepo! Sijui nilikitoa wapi.)

Bwana Verlinden akanitazama. "Kweli?"

"Kweli kabisa, bwana. Kesho asubuhi, kabla ya mashindano."

Rafiki yangu Kasongo, wa ateliye, ambaye ndiye angenivuta juu kwa kamba, akaningojea mpaka Bwana ameondoka. "Donatien, weye hata ngazi ya kanisa unaogopa."

"Ile ngazi inatikisika."

"Na mulingoti je, hautatikisika?"

Nikamtuma mtu kwa shemeji yangu mtarajiwa, dada yake Béatrice, kwamba wageni wakishuka kwenye treni wasiletwe nyumbani kwangu, waletwe moja kwa moja ziwani.

Jumapili nikavaa kostimu nyeupe, suti ya koti na suruali. Ndiyo, kostimu, kupanda mlingoti. Bwana alipouliza, nikasema ni nguo za misa, na misa nilikuwa sijaenda. Nikakalia ubao uliofungwa kamba, kama bembea ya watoto, Kasongo akavuta, nikaanza kupaa. Mpaka nusu nilikuwa mtu. Kutoka nusu kwenda juu nilikuwa mzigo. Mashua ilikuwa imefungwa gatini, lakini mtikisiko mdogo wa chini, kama wa mtu kukohoa, huku juu unakuwa safari. Mara niko juu ya gati, mara niko juu ya maji, na chini Wazungu na viti vyao vya kukunja, na ukingoni watu wa kambi waliokuja kutazama wameshajaa.

Nikafunga kibawa, nikaunga waya. Alama nikaielekeza puani. Kila kitu sawa.

"Mushale nasema mupepo inatoka nyuma!" akapiga kelele Bwana Verlinden kutoka chini, kwa Kiswahili chake. "Lakini inatoka mbele! Geuza!"

Ningemwambia angoje. Nililijua tatizo, naapa nililijua: ni mimi mwenyewe! Mwili wangu na koti langu jeupe lililokuwa linapepea vilikuwa vimeuziba upepo, kibawa kikawa kinazungushwa na upepo uliogonga tumbo langu. Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba kibawa hakikutakiwa kufungwa na mtu aliyening'inia pale. Basi nikalegeza skrubu nikageuza kitako.

"Tena kidogo!"

Nikageuza tena.

"Hapo! Hapo ni muzuri!" Nikakaza. Saa ikawa sahihi kabisa, ilimradi Donatien aendelee kukaa juu ya mlingoti maisha yake yote, na upepo uendelee kutoka mbele.

Wakati huo huo nikamsikia Kasongo: "Bashaafika! Bako pale!" Nikatazama ukingoni nikawaona, Tata Ilunga na kofia yake ya reli, Mama Ngalula mnene na mwavuli, na Béatrice amevaa kitambaa cha manjano. Kasongo, kwa mapenzi mema kabisa, akaifunga kamba yangu kwenye mlingoti, akaruka gatini akakimbia kuwasalimia kwa niaba yangu. Mimi nikanyoosha mkono nikapunga. Moyo wangu ulijaa! Walikuwa wameinua shingo, wote watatu.

Na Bwana Verlinden, ambaye mtu wa kutulia hakuwa, akasema, "Tuone sasa kama mushale inafuata," akafungua kamba ya mbele ya mashua ili pua igeuke kidogo, aone mshale unavyokwenda. Upepo ukaja wakati huo huo. Kamba ya nyuma ikachomoka, tanga dogo la mbele likafunguka likavimba, na mashua ikaondoka.

"Bwana, nishushe!" nikalia.

"Ngoja! Nageuza kwanza!"

Kunishusha alikuwa hawezi, mikono yote iko kwenye usukani. Basi akafanya kitu ambacho mwenye akili yake angekifanya: akaitazama saa mpya. Sasa upepo ulikuwa unakuja ubavuni, mwili wangu hauuzibi tena, na saa ikamwambia unatoka kushoto. Mashavu yake yalikuwa yanamwambia unatoka kulia, mimi nilikuwa napiga kelele "kulia, bwana, kulia!", lakini ile saa ilikuwa imetoka Ulaya na mimi nilikuwa nimetoka kambini. Akageuza upande mbaya. Tanga likazidi kuvimba. Tukaenda mbio moja kwa moja kwenye ile miti mifu, watu ukingoni wanakimbia sambamba na sisi wanapiga mayowe, na mimi nimekumbatia mlingoti nasali sala zote nilizozikwepa asubuhi.

Chuma cha chini ya mashua kikakwama kwenye matope. Mashua ikalala ubavu, taratibu, mlingoti ukainama, ukainama, na kichwa cha mti mmoja mkubwa mkavu kikaja usoni kwangu. Ubao ulikuwa umenitoka. Nikashika tawi. Nilifikiri ni busara. Kisha mashua ikajinasua kwenye matope, ikasimama wima kama inavyotakiwa, ikaondoka na mlingoti wake, na mimi nikabaki mtini.

Na suruali ikapasuka. Nyuma, kutoka mshono wa kiuno mpaka huko kunakostahili kufichwa.

Ukingo mzima ukacheka. Niliwahi kusikia watu wakicheka kwenye harusi na kwenye mpira, lakini kile kilikuwa kicheko cha nchi nzima.

Mvuvi mmoja akaja na mtumbwi. Nikashukuru Mungu, mpaka nilipoona nani amekaa mbele ya mtumbwi: kofia ya reli. Tata Ilunga. Na nyuma yake Mama Ngalula na mwavuli, na katikati Béatrice, ameziba mdomo kwa kile kitambaa cha manjano.

Mtumbwi ukasimama chini ya mti. Tata Ilunga akaniangalia muda mrefu.

"Weye njo Donatien?" akauliza kama mimi ndiye.

"Ndiyo, tata. Ni mi."

"Shuka basi tuongee."

"Siwezi, tata. Suruali."

"Suruali iko na nini?"

Mama Ngalula akamwambia mvuvi azunguke, aone suruali ina nini, na mvuvi akaanza kuzunguka mti, na mimi juu nikaanza kuzunguka shina ili uso wangu ubaki upande wao, huku matawi makavu yakikatika moja moja chini ya miguu yangu.

"Mama, mumwache," akasema Béatrice.

"Tunamuchunguza, mutoto. Njo kazi yenye ilituleta."

Tata Ilunga akainua mkono, mvuvi akaacha kupiga kasia. "Mwenzako Kasongo anasema ulimwambia Muzungu ile kitu haifungwi mulingoti ukilala. Ni kweli?"

Jamani, mngekuwa ninyi mngesema nini? Nilitafuta uongo, nikautafuta kweli kweli, lakini mtu aliyekumbatia mti mkavu na upepo unaingia mgongoni kwake hana nguvu ya kutunga.

"Si kweli, tata. Ningeifunga jana, pale chini."

"Sasa juu ulifuata nini?"

"Nilitaka munione."

Akatikisa kichwa, polepole, kama anapima reli kwa macho. Kisha akasema, "Basi. Tumekuona."

Nakwambieni, hata yule mvuvi aliangusha kasia. Mama Ngalula alicheka mpaka mtumbwi ukaingia maji, na alipomaliza akavua kitenge chake cha juu akanirushia, "Vala, mukwe, tusije tukaona mengi." Nikajifunga kitenge cha Mama Ngalula juu ya kostimu, nikashuka, nikakaa mtumbwini magoti yamebanana, na hivyo ndivyo nilivyopita mbele ya Wazungu na kambi nzima.

Bwana Verlinden hakunifukuza. Hakushindana siku hiyo, na kesho yake tukaulaza mlingoti chini nikafunga kibawa upya, yeye amesimama kando amenikunjia mikono. Kazi ilikwisha kabla jasho halijanitoka. Ile saa baadaye ilisema ukweli miaka yote.

Lakini mimi sikupata usingizi mpaka habari ilipokuja kutoka Mutshatsha kwamba nipeleke wazee wa ukoo wangu tuongee mambo ya mahari. Sikuelewa. Tumeshaoana, tumeshapata watoto, siku moja ndiyo nikapata moyo wa kumwuliza Béatrice, "Baba yako alinikubali kwa nini, baada ya yale?"

Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua hata macho. "Bale bengine bote benye balitaka kunioa, baba alibauliza maswali banakaa kwa kiti. Mutu wa kwa kiti anajibu vile anataka. Weye ulikuwa kwa muti, hauna fasi ya kukimbilia, ukasema kweli."

Basi ndiyo hivyo. Sijapanda tena kitu chochote ili nionekane, na sitapanda. Mgeni akija kunitazama kazini naweka turnevisi, yaani bisibisi, chini, natoka nje, namsalimu tukiwa wote miguu iko ardhini, na akitaka kujua kama mimi ni fundi namwambia angoje taa iwake.