Mchanga Mkononi mwa Daktari

Mumo na wenzake wanaosomea sayari chuoni humjua Daktari, mhadhiri wao, kwa vidole vyake. Udongo wowote, uwe wa ufuo wa Tudor au ule wa maabara uliotengenezwa ufanane na wa Mirihi, huusaga kwa kidole gumba, huunusa, kisha husema bila kumtazama mtu: "Humu hamna uhai." Nao huandika.

Jana walimsindikiza kumzika bintiye. Zamu yake ya kutia mchanga kaburini ilipofika, aliuchota, na vidole vikaanza kusaga vyenyewe. Akaunusa. Mumo alimwomba Mungu Daktari asiyaseme maneno yale.

"Tia, mwanangu," ami yake Daktari akamnong'oneza.

Hakutia. Alifumba ngumi ya kulia, na waliokuja kumpa pole aliwapa mkono wa kushoto. Hakuna aliyekataa kuushika.